Neno la Kumwita Karani

Baba,

Shikamoo. Hapa nimesimama kidogo, kama ulivyotufundisha, ili mkubwa apate nafasi ya kuitikia. Nimehesabu mpaka tano. Basi naendelea.

Ninakuandikia kutoka Same mjini, kwenye kile chumba nilichopanga nyuma ya stendi, ambako siku hizi natoa fotokopi na kuchapa barua za watu. Ni saa tisa mchana. Upepo wa bondeni unasukuma vumbi chini ya mlango. Ninayo kompyuta mpya, nyembamba kama sahani, lakini barua hii siiandiki kwa hiyo. Naiandika kwa mashine yako. Niliishusha kutoka nyumbani kwetu Chome, mlimani, baada ya kuondoa tanga. Nilikaa siti ya mbele ya gari, ile skrini kubwa yenye kisogo nimeipakata, nimeizungushia blanketi lako la kijivu. Kila tulipoingia kwenye shimo nilisikia kitu kinagonga ndani, taratibu, kama kucha juu ya kioo. Dereva akaniuliza, "Dada, umebeba kuku?" Nikamwambia ni kompyuta. Baada ya hapo alilitazama lile blanketi zaidi kuliko alivyotazama barabara.

Karani yupo. Najua hilo ndilo ungeuliza kwanza. Yupo pale pale pembeni mwa skrini, chini, mkono wa kulia, amekunja mkia. Saa hizi amefumba macho.

Nakumbuka siku ulipomleta nyumbani. Usharika ulikuwa umepewa kompyuta mpya na wafadhili, pamoja na kijana mpya wa kuitumia. Wewe uliyekuwa karani wa ofisi miaka yote hiyo ukapewa mkono wa kwa heri, na mashine ya zamani kama zawadi. Uliibeba kwa toroli mpaka nyumbani, ukaiweka sebuleni juu ya meza ya cherehani ya Mama, Mungu amrehemu. Ulipoiwasha na kuanza kuandika barua, yule paka wa kuchorwa akachomoza kwenye skrini, akajinyoosha, akaandika kitu juu ya kichwa chake ndani ya kiputo cheupe. Kiingereza. Alikuwa anauliza kama unaandika barua, na kama ungependa akusaidie.

Shangazi Nakijwa alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua maharage. Alisimama na ungo wake akatoka nje. Alituambia akiwa uani, "Zefania, dada yako sijasoma, lakini paka anayemuuliza mtu anachoandika mimi simtaki." Wewe ukacheka mpaka ukakohoa. Ukamjibu, "Dada, huyu ni karani mwenzangu." Jina likabaki hilo.

Baadaye watu wakamzoea, au niseme walizoea kumwogopa. Wapo walioleta barua zao wakakaa wameipa mashine mgongo. Mama mmoja wa juu huko karibu na msitu aliuliza anakula nini, ukamwambia, "Umeme, na siku ya Jumapili nampa wino." Alirudi juma lililofuata na maziwa kwenye kibuyu kidogo, akayaweka chini ya meza. Mimi ndiye niliyeyanywa. Sikuwahi kukuambia.

Uligundua kwamba ukiandika kwa Kiswahili paka haamki. Anaamka ukianza na lile neno la Kiingereza, "Dear". Ukasema, "Huyu amesomea kwa wazungu, ukimsalimia kwa lugha ya nyumbani hageuki." Kwa hiyo ukajitengenezea utaratibu. Kabla ya kila kazi uliandika "Dear", ukasubiri Karani achomoze, ukamwambia "Karibu kazini", kisha ukalifuta lile neno na kuanza barua ya mtu kwa Kiswahili chake. Nilipokuuliza kwa nini usumbuke, ulinijibu, "Huwezi kuanza kazi mwenzako amelala." Barua zote zilizotoka nyumbani kwetu, Baba, za kuomba kazi, za kuomba radhi, za posa, zote zilianza na neno lililofutwa.

Wasifu nao ulikuwa hivyo hivyo. Hakuna mtu aliyezikwa kijijini kwetu miaka ile bila wewe kumwandikia wasifu wa kusomwa kaburini: alizaliwa wapi, alibatizwa lini, alifanya kazi gani, ameacha nani. Nilikaa kando yako nikikusomea majina kutoka kwenye karatasi za familia, nawe ukiandika kwa vidole viwili. Ulikuwa mkali kwa jambo moja tu. Ulisema, "Namkunda, tarehe zikikosewa watu watacheka na wataondoka. Hesabu ya watoto ikikosewa, umemzika mtu akiwa hai, amesimama pale pale anasikiliza."

Nilikuwa nasikiliza, Baba. Tena kuliko ulivyodhani.

Kwa sababu mimi ni mtoto wa Makanya. Hivyo ndivyo nilivyoitwa tangu siku uliyonishika mkono nikashuka kwenye lori nikiwa na miaka sita, miguu myeupe kwa vumbi la machimbo ya jasi, alikokuwa akichimba mama yangu mzazi mpaka alipofariki. Hukumwambia mtu yeyote mimi ni nani kwako. Ulisema tu, "Huyu atakaa hapa," na Mama akanipa bakuli la makande. Kaka Elinaja alikuwa tayari kijana mkubwa. Hakunitesa. Alikuwa ananipita tu, kama mtu anavyopita kiti.

Sasa nikuambie ilivyokuwa ulipofariki.

Ulikuwa bado hospitali hapa Same, kwenye chumba baridi, na sisi tulikuwa nyumbani tukipanga mazishi. Ukungu ulikuwa umeshuka mchana ule mpaka tukawasha taa saa nane. Kikao cha ukoo kilikaa chini ya turubai. Kaka Elinaja akatoka na karatasi, akanipa. "Wewe ndiye unayejua mashine ya Mzee," alisema. "Chapa kama ilivyo." Nikaisoma nikitembea kuelekea sebuleni. Chini kabisa iliandikwa: Marehemu ameacha watoto watatu, Elinaja, Eliudi na Namsifu, na wajukuu tisa.

Hukuniachia hata sentensi moja ya kushika. Nilikaa kwenye kiti chako, nikawasha mashine, na wakati inaunguruma nikajiambia nitaandika watatu, nitatoa karatasi, nitaenda jikoni kuosha sufuria. Na baada ya maziko nitashuka zangu Same, na sitapanda tena.

Sikuandika lile neno. Nataka ulijue hilo, kwa sababu Kaka hakuniamini, na Shabani, fundi wa hapa mjini, naye hakuniamini. Sikumwita Karani. Niliandika herufi nne za kwanza za jina lako, Z, e, f, a. Paka akachomoza. Hakujinyoosha, hakuuliza chochote. Alikaa akanitazama, na juu ya zile herufi nne kikatokea kisanduku kidogo cha njano, na ndani yake mwanzo wa maneno: Marehemu Mzee Zefania alizaliwa...

Nilitazama mlangoni. Nilidhani mtu amesimama.

Nilijua kile kisanduku, tulikitumia kila siku. Ulikuwa umeifundisha mashine maneno marefu, "Bwana ametoa na Bwana ametwaa," ili ukianza herufi chache ikumalizie. Unabonyeza Enter, yanamwagika yote. Lakini hili sikulijua. Kidole changu kikabonyeza chenyewe, kwa mazoea. Na wewe ukamwagika, Baba. Ukurasa mzima. Kuzaliwa, ubatizo, ofisi ya usharika, Mama, shamba la kahawa. Mahali pa tarehe ya kufa uliacha nukta, safi, zimepangwa sawasawa, kama unavyowaachia watu waje wajaze.

Na chini: Marehemu ameacha watoto wanne, Elinaja, Eliudi, Namsifu na Namkunda.

Wanne.

Sikulia. Niliogopa. Paka alikuwa ameinua kichwa anatazama upande wa dirisha, na nje ya dirisha hapakuwa na kitu isipokuwa ukungu.

Kaka aliingia kuuliza kama nimemaliza. Akainama, akasoma. Nikaona shingo yake inabadilika. "Nani ameandika haya?" "Baba." "Baba yuko mochwari, Namkunda." "Aliyaandika kabla." Akacheka kile kicheko chake cha puani. "Mashine unaijua wewe peke yako. Leo ya leo umejiongeza. Hata aibu huna, Mzee hajazikwa!" Shangazi alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la makande aliloniletea, hana pa kuliweka.

Sikuwa na ushahidi. Hilo ndilo lililonimaliza. Umenihesabu hatimaye, na umenihesabu mahali ambapo hakuna wa kuniamini. Nikashika mausi ili nifute yote. Ni Shangazi aliyesema, "Msome mpaka mwisho. Mtu akiongea, anaachwa amalize."

Kwa hiyo nikasoma kwa sauti. Baada ya majina ya watoto ulikuwa umeongeza sentensi ambayo sijaiona kwenye wasifu wa mtu mwingine yeyote. Nilianza kuisoma kabla ya kuielewa: "Usiku ule ndiva, bwawa letu la kumwagilia, ilipokesha tupu na mashamba ya majirani yakakosa maji, aliyeacha mlango wake wazi jioni ni marehemu mwenyewe. Mwanawe Elinaja alipigwa mbele ya msaragambo wote, watu wa kazi ya kijiji, kwa kosa lisilo lake. Marehemu hakupata kumwomba radhi."

Mimi nilikuwa sijafika Chome wakati huo. Sikuwahi kusikia habari hiyo. Nilijua tu, kama kila mtu kijijini, kwamba Kaka hapiti njia ya ndiva, anazunguka.

Alikaa chini, Baba. Kwenye kile kigoda cha Shangazi, mtu mzima na koti lake la msiba, magoti yamefika kidevuni. Akasema, "Niliiziba. Niliiziba kwa jiwe na majani ya mgomba. Nilimwambia niliiziba." Hakuwa anatuambia sisi. Alikuwa anaiambia skrini. Shangazi akaweka bakuli mikononi mwake badala ya mikononi mwangu, na yeye akalishika.

Baadaye sana alisema, bila kunitazama, "Jaza tarehe. Itoe hivyo hivyo." Na alipofika mlangoni: "Wanne."

Mwinjilisti aliisoma kaburini kama ilivyo. Alipofika kwenye ndiva alisita, akamtazama Kaka, Kaka akaitikia kwa kichwa kwamba aendelee. Watu hawakunong'ona. Mzee mmoja tu nyuma alisema "Ee," kwa sauti ya chini, kama mtu aliyepata kitu alichokuwa amekisahau mfukoni. Siku ya kuondoa tanga, vitu vyako vilipogawanywa, Kaka ndiye aliyesema mashine ni yangu. Alisema, "Na huyo nduli wa paka aende naye." Nadhani huo ulikuwa utani. Ni utani wa kwanza aliowahi kunitania.

Shabani aliposikia habari ya kisanduku alicheka. Ni kijana mwenye adabu, lakini alicheka. Aliniambia yale niliyokuwa nimeshamsikia akikusimulia, kwamba zamani hawa wanyama walikuja pamoja na programu, unachagua umpendaye akae nawe ofisini. Kwamba watu wa maofisini hawakuwapenda, waliona wanaingilia kazi, wanauliza maswali mtu akiwa na haraka. Programu ya baadaye ikawaficha, wasitoke mpaka waitwe. Iliyofuata ikawaondoa kabisa. Alikueleza wewe hayo siku alipopanda Chome kutengeneza printa, nami nilikuwepo. Kisha ukasema, "Kwa hiyo walimfukuza kazi kwa sababu aliuliza kama asaidie." Ukamfunika Karani kwa kile kitambaa cha kufumwa, kama anayelala, na siku ile hatukuchapa kitu kingine.

Nilimuuliza Shabani inawezekanaje atoke bila kuitwa. Alisema, "Dada, ni programu ya kale, ina mambo yake." Nikamuuliza kwa nini alitazama dirishani. Alisema paka wa mashine hatazami dirishani, anageuza kichwa tu. Akajitolea kuifuta mashine yote na kuiuza vipuri. Nilimlipa soda akaenda.

Baba, kuna jambo jingine, na hili sijamwambia mtu.

Shangazi alishuka Same kwenda kliniki ya macho, akaja kupumzika kwangu. Aliomba nimwandikie barua ya kwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, kuhusu mpaka wa shamba lake. Nikawasha mashine yako, kwa kumfurahisha. Alikaa kando yangu anakunywa chai, anaipuliza. Nikaandika N, a, k, i. Kisanduku cha njano: Marehemu Bibi Nakijwa alizaliwa...

Alikuwa anapuliza chai, Baba. Nilisikia pumzi yake kwenye mkono wangu.

"Paka wako amesema nini?" aliniuliza, maana Karani alikuwa ameamka. Nikamwambia, "Amekusalimu." Akasema, "Mwambie marahaba, na abaki huko huko."

Alipoondoka nilikaa na orodha yako ya waumini wa usharika, nikajaribu majina. Herufi nne, nne. Wote wamo. Mwinjilisti yumo. Kaka Elinaja yumo, na ndiva imetajwa tena. Namsifu yumo, Eliudi yumo. Yule mama wa maziwa yumo, na umeandika kwamba alikuwa mkarimu hata kwa viumbe asiowajua. Ulikaa ukawaandika watu wote wa kijiji chetu, mmoja mmoja, wakiwa hai, wakikusalimia njiani, na kila mmoja ukamwachia nukta za tarehe. Wawili wameshajazwa tangu uondoke. Familia zao zilikuja kwangu, nikatoa karatasi ndani ya dakika moja. Mjane mmoja aliniuliza nimemjuaje mumewe kiasi kile. Nilimjibu Mzee ndiye aliyemjua.

Sijui ulikuwa unawapenda au ulikuwa unawasubiri. Labda kwa karani ni kitu kimoja. Siku hizi nikichapa majina ya watu wa nyumbani kwenye mashine hii naandika herufi tatu, nasimama, natoa mikono, kisha namalizia haraka nikiwa nimetazama pembeni. Karani ananitazama nikifanya hivyo. Naapa ananitazama.

Jina langu sikulijaribu. Wiki tatu sikulijaribu. Nililipita hata nikiweka sahihi.

Leo nimelijaribu. N. a. m. k.

Hakuna kitu. Nikasubiri. Nikafuta, nikaandika tena polepole, kama unavyomwandikia mtoto ubaoni. Namk. Skrini nyeupe, herufi nne, paka amelala. Kila mtu yumo isipokuwa mimi. Moyo wangu ulirudi kwenye ile karatasi ya kikao, ya watoto watatu, na nikasema kwa sauti humu ndani peke yangu, "Tena, Baba?"

Ndipo nikaenda kwenye mafaili yako. Uliyapanga kwa majina ya watu na vijiji, na mimi huwa sifungui ya mtu bila yeye kuniomba. Lipo moja linaitwa Namkunda. Ni la mwisho kuguswa, miezi ile mkono wako ulipokuwa umeanza kutetemeka na ukawa unaniambia niende tu nikachote maji, utafanya kazi mwenyewe kidogo. Nikalifungua.

Lina neno moja. Dear.

Hukulifuta. Paka aliamka, akajinyoosha kama zamani, akauliza swali lake: unaonekana unaandika barua, je, nikusaidie?

Nimekaa nalo tangu asubuhi. Wengine wote uliwaandikia wasifu. Mimi ulianza kuniandikia barua, na wasifu wangu hukuugusa. Sijui ulitaka kusema nini. Labda kuhusu mama yangu, labda kuhusu Makanya, labda ungeniambia tu nisisahau kuanika kahawa. Ulimwita mwenzako, akaja, mkakaa wote wawili mkitazama nafasi iliyobaki.

Kwa hiyo nimeandika humo humo, Baba, chini ya neno lako. Hii ndiyo barua unayoisoma. Umeianza wewe, nimeimalizia mimi.

Lala sasa. Mvua za kwanza zimenyesha kwenu huko juu, na Kaka amenipigia simu kwamba ndiva imejaa. Alikwenda kuitazama mwenyewe, kwa njia ya karibu. Nakuahidi mashine hii haitafutwa nikiwa hai. Nakuahidi sitamjazia mtu tarehe kabla ya siku yake, hata kwa kujaribu. Na kila asubuhi kabla ya kazi nitaandika lile neno, nitasubiri, nitamkaribisha Karani.

Ila kwenye faili hili silifuti.

Mwanao wa nne,
Namkunda